Kujipima Maziwa: Siku, Vidole na Kwapa

Wanawake wengi Unguja na Pemba wameshasikia kwamba ziwa hupapaswa kutafuta uvimbe. Namna ya kupapasa ndiyo inayopotoka: mkono unapita juujuu wakati wa kuoga, siku yoyote ile, na mtu akahesabu kashajipima.

Siku kwanza. Kabla ya hedhi maziwa hujaa, huuma na kuwa na mafundofundo. Ukijipima hapo utajitisha bure. Hedhi ikiisha, ngoja siku 3 hadi 5. Aliyekoma hedhi achague siku asiyoisahau, hata ile ya kuandama mwezi. Mara moja kwa mwezi yatosha. Anayejipapasa kila siku hukizoea kinachokua polepole.

Simama mbele ya kioo, kifua wazi, mwanga wa kutosha. Mikono chini, kisha juu ya kichwa, kisha kiunoni ukikibana hadi misuli ya kifua ikaze. Mkao huo wa tatu huachwa sana, nao ndio unaofichua ngozi inayovutwa ndani. Angalia pia ngozi yenye vitundu kama ganda la chungwa, magamba ya chuchu yasiyopona, na chuchu iliyoingia ndani karibuni. Iliyo hivyo tangu usichana haina neno, wala ziwa moja kulizidi jingine.

Sasa lala chali. Kunja kanga uiweke chini ya bega la kulia, mkono huo nyuma ya kichwa, ziwa litandae. Tumia nyama za vidole vitatu vya kati vya mkono wa kushoto, si ncha, na mafuta ya nazi kidogo viteleze. Zungusha viduara vidogo, kila pahala mara tatu: kwa wepesi, kwa kadiri, kisha kwa nguvu hadi uzihisi mbavu. Panda na kushuka mstari kwa mstari bila kuinua vidole, toka kwapani hadi mfupa wa katikati ya kifua, toka mtulinga hadi chini ya ziwa. Huko chini mna ukingo mgumu, ni maumbile. Ukifika kwapani ushushe mkono kidogo, maana ukiinuliwa sana nyama hukaza. Sehemu ya juu upande wa kwapa ndipo saratani huanzia zaidi, na wengi huishia kuizunguka chuchu tu. Chuchu yenyewe usiikamue. Cha kuhofia ni majimaji yanayotoka yenyewe, khasa ya damu. Halafu upande wa pili.

Utafiti mkubwa wa Shanghai, wa wanawake zaidi ya 260,000, haukuona vifo vikipungua kwa kufundishwa kujipima. Kwa hiyo usiache kwenda kupimwa kwa kuwa mkono wako haukukuta kitu. Faida ni kulijua ziwa lako.

Uvimbe mwingi si saratani, lakini “hauniumi” si hoja: wa saratani mara nyingi hauumi. Usiuchue wala usiukande. Ukiwa bado unapata hedhi na mzunguko mmoja umepita nao upo, nenda hospitali, aliyekoma asingoje. Kwamba sindano ya kuchukua kipande hutawanya saratani ni uvumi tu.

Ukienda, iwe Mnazi Mmoja au Abdalla Mzee kule Mkoani, sema mapema kama unataka upimwe na mwanamke. Taja tarehe ya hedhi ya mwisho, na pahala penyewe utie alama ya peni kabla hujatoka nyumbani, kwani uvimbe ulioupata umelala unaweza kukupotea ukiwa umekaa.