Soketi Namba Kumi

Jumamosi tulikuwa Sinza kwenye sendofu ya binti wa wifi yangu. Hata ndizi sijazigusa vizuri, shemeji mmoja akanyanyua simu juu: "Mama Neema, wewe si ndiye fundi ndege? Hebu tuambie leo. Wazungu wametufungia anga lao. Ndege zetu mbovu au si mbovu?"

Meza nzima ikanigeukia. Mama mkwe akaacha kutafuna. Yeye, tangu ile ndege iangukie ziwani pale Bukoba, Novemba 6, 2022, wakafa watu 19 kati ya 43 waliokuwemo, hajakanyaga ngazi ya ndege. Anakuja Dar kwa basi, anashuka miguu imevimba, halafu anasema afadhali.

Nilijibu kwa kifupi, maana sendofu si darasa. Huku kwenye ukurasa wangu nina nafasi.

Shemeji kwanza alichanganya mambo. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka kwao. Juni 2025 orodha hiyo ikayabeba mashirika yote yenye cheti cha Tanzania. Mtaani watu wakaelewa kwamba kuna mtu kaja na tochi, kamulika bawa, kakuta kutu. Kilicholalamikiwa hasa ni usimamizi: wataalamu wenye sifa hawatoshi, na ukaguzi wa ndege na wa urukaji haufikii viwango vya kimataifa. Kwa lugha ya karakana, hawakuwa wanamsema fundi peke yake. Walikuwa wanamsema anayemkagua fundi.

Ndiyo maana huwa nachoka mtu akiniuliza ndege ina umri gani. Umri una maana yake, sikatai, bati nalo huchoka. Lakini Januari 5, 2024, ndege ya Alaska Airlines, Boeing 737 MAX 9, ilitoka Portland, na dakika chache tu baada ya kuruka kipande cha ubavu kikang'oka kikaenda zake, kile kinachoziba tundu la mlango usiotumika. Abiria wakawa wanatazama usiku moja kwa moja. Ndege ile ilikuwa na kama miezi miwili tu tangu ikabidhiwe, bado ya moto. Wachunguzi walikuta bolti nne za kukishikilia kile kipande hazikuwepo. Kiwandani walikifungua ili warekebishe riveti, zile pini za kubana mabati, wakakirudisha bila bolti, na hakuna karatasi iliyoandikwa kwamba kilifunguliwa. Hiyo karatasi ndiyo inayoninyima usingizi kuliko bolti zenyewe. Kama haikuandikwa, anayekuja nyuma yako atakagua nini?

Sasa nije kwenye langu.

Miaka sita nyuma nilikuwa zamu ya usiku kwenye shirika ambalo sitalitaja. Ndege ya propela, injini mbili, ilitakiwa kuondoka saa 12 asubuhi. Saa kumi alfajiri tumeshamaliza kazi kwenye injini ya kushoto, makava yamefungwa, kijana wangu wa mafunzo anarudisha vifaa kwenye ubao. Ubao wetu kila kifaa kina umbo lake lililochorwa: spana ina kivuli cha spana, koleo kivuli cha koleo. Ukikosa kitu unaona pengo kama jino lililong'oka. Akaja kwangu uso umembadilika. "Dada, soketi namba kumi haipo."

Mafundi wote duniani wanajua hiyo namba kumi. Ndiyo inayopotea siku zote, tunaitania. Usiku ule hakuna aliyetania. Soketi ni kichuma kidogo cha kufungulia nati, kinaingia kwenye kiganja cha mtoto, na kikibaki ndani ya injini hujui mtikisiko utakipeleka wapi. Tukapekua mifuko ya ovaroli. Tukamwaga pipa la taka sakafuni, tukapanga matambara moja moja. Msimamizi wa safari akapiga simu mara ya kwanza kwa upole, ya pili bila upole. Mara ya tatu akasema, "Mama, si mna uhakika mmeiacha mezani?" Nikamwambia ningekuwa na uhakika isingekuwa imepotea.

Tukafungua makava upya. Nikalala chali chini ya injini na kioo cha ukaguzi, kile chenye mkono mrefu kama cha daktari wa meno, kijana ananimulikia tochi, mkono unamtetemeka mpaka mwanga unacheza. Ilikuwa nyuma ya bomba, imekaa kwenye kingo ya chuma, imetulia kabisa. Nikaitoa kwa sumaku. Yule kijana akakaa chini akalia. Sikumsema. Angeweza kunyamaza akachomeka soketi nyingine pale kwenye pengo, na hakuna ambaye angejua.

Ndege iliondoka saa tatu kasoro. Abiria waliambiwa "sababu za kiufundi", basi. Mchana nikiwa kwenye bajaji nikasikia dereva anacheza video ya mtu anafoka pale ukumbi wa abiria uwanjani, kwamba shirika lina ndege mbovu, tutakufa wote siku moja. Nusu nimwambie dereva asimamishe nimweleze. Nikakaa kimya nikamlipa. Mpaka leo naona kosa lilikuwa la waliotunga lile tangazo. Wangesema tu: kifaa cha fundi kilikosekana, hatukutaka kuruka mpaka kipatikane. Watu wangefoka, sawa, lakini wangefoka wakijua.

Nikamaliza kusimulia hivyo pale mezani (kwa ufupi zaidi, jamani, ndizi zilikuwa zinapoa). Mashemeji wakapiga makofi. Mama mkwe peke yake hakupiga. Akauliza, "Na wewe, mama Neema, nani anakukagua?"

Swali la mtu aliyelea watoto saba.

Kuna kazi ambazo sheria inataka jicho la pili, mfano kebo na fimbo zinazoendesha mkia: mmoja anafunga, mwingine ambaye hakufunga anakagua, wote wanasaini. Na kuna kazi ambazo ukisaini wewe imetosha. Juni 10, 1990, ndege ya British Airways ilitoka Birmingham kwenda Málaga, kioo cha mbele upande wa rubani mkuu kikafyatuka angani. Rubani akavutwa nje nusu mwili, wahudumu wakamng'ang'ania miguu mpaka msaidizi wake alipotua Southampton. Alipona. Kioo kilikuwa kimebadilishwa siku moja na kidogo kabla, usiku. Kati ya bolti 90 zilizofungwa, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, tofauti isiyofika milimita moja. Msimamizi wa zamu alizichagua kwa macho akilinganisha na ya zamani, akafunga mwenyewe, akasaini mwenyewe. Kioo hakikuwa kwenye orodha ya kazi za jicho la pili. Alikuwa mzoefu, si mlevi wala mvivu. Huyo ndiye ninayemuogopa, kwa sababu ananifanana.

Basi nikamwambia mama mkwe ukweli ambao hata mume wangu alikuwa hajausikia. Kuna asubuhi moja nilisaini kama jicho la pili kwenye pini ya kebo ya mkia. Nilimulika tochi kutoka chini, nikaona kichwa cha pini, nikasaini. Sikuigusa. Aliyefunga ni mtu ninayemheshimu, na nilikuwa nimesimama tangu saa mbili usiku. Nimefika Gongo la Mboto, ufunguo uko mlangoni, nikageuka. Nikapiga simu ndege isitolewe hangani, nikakodi bodaboda, nikafungua paneli mbele ya zamu ya mchana wakinitazama kama nimechanganyikiwa. Pini ilikuwa sawasawa, imefungwa vizuri kabisa. Yule mwenzangu akaninunia wiki mbili, akidhani simuamini.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Akaniongezea kipande cha nyama kwenye sahani, hakusema neno.

Jumatatu alfajiri nilimsindikiza stendi ya Magufuli, maana tiketi ya ndege aliikataa tena. Mizigo imeshaingia buti, konda anapiga kelele Bukoba Bukoba, mama kasimama kando ya basi hapandi.

"Mama Neema," akasema, "hebu kwanza niangalizie hayo matairi."

Nikainama. Konda akaanza kucheka. Nikayagusa yote, la nyuma kulia mara mbili.