Baraza la shule Ontario: kikao cha kwanza na kumpata mwenyekiti

Mzazi aliyesomesha watoto Nairobi au Mwanza amezoea kwamba mwalimu mkuu ndiye katibu wa bodi au kamati ya shule, na neno lake lina uzito. Hapa Ontario, Kanada, mwalimu mkuu ni mjumbe wa baraza la shule, yaani chombo cha wazazi na wafanyakazi kinachoishauri shule, na anatakiwa kuhudhuria kila kikao, ila hana kura. Ukilishika hilo, nusu ya mabishano ya kikao cha kwanza yamekwisha.

Mwongozo wa yote ni Kanuni namba 612 ya mwaka 2000, chini ya Sheria ya Elimu ya jimbo. Inazihusu shule za umma, za Kikatoliki na zile za Kifaransa ambako familia nyingi za Wakongo na Warundi hupeleka watoto. Wazazi huchaguliwa kwa kura ya siri ndani ya siku 30 za mwanzo wa mwaka wa shule, na kila mzazi apewe taarifa angalau siku 14 kabla. Kikao cha kwanza kifanyike baada ya uchaguzi huo, ndani ya siku 35 za mwanzo, tarehe ikipangwa na mwalimu mkuu. Piga hesabu: mkichagua siku ya 30, mmebakiwa na siku 5 tu za kukutana, na barua ya uchaguzi ilipaswa kutoka siku ya 16 au kabla. Shule zinazochelewa kwa kawaida hazikwami kwenye kura, zinakwama kwenye barua. Uchaguzi wa wiki ya tatu ya Septemba huwaachia watu nafasi ya kupumua.

Sasa akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali, maana hapa ndipo vikao vingi huvunjika. Masharti ni mawili, na yote yatimie kwa pamoja: zaidi ya nusu ya wajumbe waliopo madarakani wawe wamefika, na zaidi ya nusu ya hao waliofika wawe wajumbe wazazi. Chukua baraza lenye wazazi 6, mwalimu 1, mfanyakazi asiye mwalimu 1, mwanafunzi 1 na mwalimu mkuu. Jumla ni 10, kwa hiyo wanatakiwa 6. Siku ya kikao wanafika 7: mwalimu mkuu, mwalimu, mfanyakazi, mwanafunzi na wazazi 3. Chumba kinaonekana kimejaa, lakini akidi hakuna, kwa kuwa wazazi ni 3 kati ya 7. Hata wakifika 6 huku wazazi wakiwa 3, bado haitoshi. Nusu si wengi. Wazazi wengine waliokuja kusikiliza wanakaribishwa, kwa sababu kikao ni cha wazi kwa kila mtu, ila hawahesabiwi. Basi mtu awapigie simu wazazi waliochaguliwa siku mbili kabla. Ujumbe wa kundi la WhatsApp hausaidii sana, kila mtu anadhani mwenzake atakwenda.

Nani aongoze kikao kabla mwenyekiti hajapatikana? Kanuni haimtaji mtu, hivyo mtazame sheria ndogo za baraza lenu, yaani taratibu ambazo baraza limejiandikia. Zikiwa kimya, utaratibu usioleta maneno ni mwalimu mkuu aongoze kipengele hicho kimoja, kwa kuwa hapigi kura wala hagombei, kisha ampishe aliyechaguliwa. Mwenyekiti wa mwaka jana akiongoza uchaguzi anaougombea mwenyewe, hata akishinda kwa haki watu watanung'unika.

Kiti ni cha mjumbe mzazi peke yake, na wanaomchagua ni wajumbe wa baraza, si ukumbi mzima. Mzazi aliyeajiriwa katika shule hiyohiyo hawezi kugombea nafasi ya mzazi kabisa. Aliyeajiriwa na bodi ya elimu, ile inayosimamia shule za eneo, kwenye shule nyingine anaweza kuwa mjumbe, mradi aseme wazi ajira yake kabla ya uchaguzi, lakini uenyekiti haumhusu. Ulizeni jambo hili kabla ya kupokea majina; likigundulika Novemba, mtaanza upya. Sheria ndogo zikiruhusu, mnaweza pia kuchagua wenyeviti wenza wawili, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia nzuri kwa wazazi wanaofanya kazi za zamu, bora tu waandike nani anaandaa ajenda na nani anaongea na mwalimu mkuu.

Kwa kura yenyewe, karatasi ndogo nyeupe zinatosha. Kila mgombea apewe dakika mbili, watu wawili wasio wagombea wahesabu. Kura zikilingana, rudieni mara moja tu, kisha fuateni sheria ndogo. Nyingi huelekeza kura ya bahati. Kama hazina kifungu hicho, kubalianeni kabla ya kupiga kura, maana baada ya hapo kila pendekezo litaonekana lina mtu wake.

Katibu na mweka hazina hupatikana kwa jinsi sheria ndogo zinavyosema. Mwakilishi wa jamii huteuliwa na baraza lenyewe, kwa hiyo kiti hicho kuwa wazi siku ya kwanza si kosa. Pangeni palepale tarehe za vikao vilivyobaki, kwa kuwa baraza linatakiwa kukutana angalau mara nne kwa mwaka. Mipango mikubwa ya kuchangisha fedha isubiri kikao cha pili, baada ya mweka hazina kusoma sera ya bodi kuhusu michango.

Kumbukumbu za kikao ziandikwe usiku huohuo: nani alifika, akidi ilitimia vipi, nani alichaguliwa. Zitunzwe shuleni kwa miaka 4, na yeyote akitaka kuzisoma asitozwe hata senti.