Mwia na Mwiwa

Mamangu ana daftari. Hakuingia skuli, alisoma chuo cha Kurani tu, kwa hivyo ameliandika kwa herufi za Kiarabu: Kiswahili chetu cha Amu, ndiyo Lamu, kutoka kulia kwenda kushoto. Anadarizi kofia, na humo ndimo yalimo majina ya waliochukua kofia wasimalize kulipa, na ya waliotanguliza pesa na kofia zao bado. Upande mmoja ni wa tunaowawia, upande wa pili ni wa wanaotuwia. Mwia ni mwenye kudai, mwiwa ni mwenye kudaiwa, na tangu utotoni mwangu sijamwona akichanganya pande hizo.

Ndiyo maana swali aliloniuliza usiku mmoja wa mwisho wa Oktoba 2019 lilinikaa moyoni. Nilikuwa nimeketi karibu naye, simu mkononi, nasoma waraka ule ule kwa mara ya tano. Akaweka sindano chini.

"Wee mwanangu, huo waraka wanena nini? Wawia au wawiwa?"

Nikakosa jibu, na kazi inayonilisha ni kufasiri.

Mwaka 2018 nilikuwa nimefanya kazi na watafiti wa mambo ya uvuvi. Nilikwenda nao Faza, Kizingitini na Siyu, nikikaa kati yao na manahodha, Kibajuni kikiingia sikio hili na Kiingereza kikitokea mdomoni. Nililipwa mara tatu, shilingi 50,000 kila mara, lakini kila mara zilinifikia 47,500. Mhasibu wao alinieleza vizuri: asilimia 5 inakatwa juu kwa juu, inapelekwa serikalini kwa jina lako, mwisho wa mwaka utapiga hesabu na ritani yako, yaani taarifa ya mapato na kodi yako ya mwaka, na kama umekatwa zaidi utarudishiwa. Sikuwa na kinyongo. Hospitali yetu ya mjini na gati tunalopandia mashua hazikujengwa kwa dua peke yake.

Juni 2019 nikaenda kupeleka ritani hiyo kwenye saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, kule Langoni, siku chache kabla ya tarehe 30, foleni hadi nje. Kijana akajaza, akabonyeza, akanionyesha mstari wa mwisho. Ilikuwa 7,500, na mbele yake kijistari cha kutoa.

"Hii ndiyo nini?" nikamuuliza.

"Hiyo ni yako, dada," akasema, na kwa kuwa watu walikuwa wakimsukuma mgongoni, sikumuuliza ni yangu vipi. Nilikwenda nyumbani nikiamini kuwa nadaiwa 7,500. Nikaanza kuziweka kando. Wiki nzima ilipita kabla ya jirani yetu mmoja, mwalimu, kuniambia kuwa kijistari kile maana yake ni kinyume: wao, watu wa kodi, ndio wanaodaiwa. Mapato yangu ya mwaka mzima yalikuwa 150,000, na msamaha wa kila mlipa kodi wakati ule, 16,896 kwa mwaka, ulifunika kodi yote iliyokuwa juu yangu. Kila senti iliyokatwa ilikuwa yangu. Nikarudi saiba, nikaomba nirudishiwe. Nikaelezwa kuwa sheria inawapa siku 90 kunijibu.

Siku 90 zikapita kimya. Kisha katika wiki moja zikaja barua mbili kwa barua pepe. Ya kwanza ilisema ombi limepokelewa na linashughulikiwa. Ya pili ilidai shilingi 140,000.

Nataka niieleze barua hiyo ya pili, kwa sababu nimefasiri barua nyingi za serikali, kabla na baada yake, na hakuna iliyonitesa kama ile. Kwa Kiswahili huwezi kutaja deni ukajificha. Ukisema "nakuwia", mimi nimo, wewe umo, na nani amtazame nani usoni imo. Kitenzi kimoja kimebeba watu wote wawili. Barua ile haikuwa na mtu ndani yake. Kulikuwa na kifungu cha sheria, namba yangu ya mlipa kodi, PIN, jedwali la miezi, kila mwezi 10,000, na neno moja la kifupi ambalo nililijua kwenye risiti za dukani tu: VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Chini kabisa, onyo kuwa hatua zinaweza kuchukuliwa, na kwamba benki yangu inaweza kuagizwa itoe pesa zangu bila mimi kuulizwa. Hilo la benki nilifasiri mara moja. Mengine nilijua maneno yake yote na sikujua yanasema nini.

Nilimwambia mama ukweli: sijui, lakini wamesema 140,000.

Alinyamaza kwa muda. Nilijua amekwenda wapi. Alikwenda kwenye ile siku tuliyomzika baba, ami yangu aliposimama mbele ya jeneza na kuuliza mbele ya watu kama kuna anayemwia marehemu, ajitokeze, deni lihamie kwake. Hakujitokeza hata mmoja. Mama hakuwapo pale, wanawake walikuwa nyumbani, lakini aliletewa habari hiyo, na nadhani ndiyo rambirambi pekee iliyomtuliza mwaka ule.

Akavua bangili yake ya dhahabu, akaiweka juu ya kofia aliyokuwa akiidarizi.

"Deni la serikali silitaki ndani ya nyumba hii."

"Mama, huenda si deni."

"Wamekuandikia."

"Wameandika, lakini huenda wamekosea."

Akaichukua bangili akaivaa tena, si kwa kukubali, bali kunipa muda. Kisha akafungua daftari, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona jina la Serikali likiandikwa mle, upande wa wanaotuwia. Laki moja na elfu arubaini.

Wa hapa kwetu waliniambia kuwa jambo langu litaondolewa Malindi, kwenye ofisi ya kodi. Novemba, baada ya alfajiri, nilivuka kwenda Mokowe na mashua, nikapanda basi. Mvua za vuli mwaka ule zilikuwa kubwa mno, barabara ya Witu hadi Garsen ilikuwa bado inajengwa, na matope yalikuwa hadi kwenye ngazi ya basi. Tuliteremshwa kwenye vizuizi, tukaonyesha vitambulisho, tukapanda tena. Nilikuwa nimeibana bahasha kifuani: cheti cha PIN, hati tatu za kodi niliyokatwa, barua zote mbili, na barua yangu mwenyewe.

Barua hiyo niliiandika kwa Kiswahili. Niliianza kwa Kiingereza, nikaona naandika kama wao, sentensi zisizo na mtu, nikaichana. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi nikaandika: Mimi sijawahi kuuza bidhaa. Mimi hufasiri. Nyinyi mnaniambia nadaiwa, na nyinyi hao mna pesa zangu. Naomba mniambie ni nani anayemwia mwenzake.

Aliyenipokea dirishani Malindi alikuwa mama wa makamo, mtaratibu. Nilimwamkia, akaitikia, akasoma barua hadi mwisho bila kuinua kichwa. Kisha akageuza skrini yake nione, na sijamsahau kwa kitendo hicho.

"Dada, Agosti mwaka jana ulibadilisha nini kwenye PIN yako?"

Nikakumbuka. Kabla ya malipo ya pili, watafiti walitaka cheti cha PIN, nikaenda saiba kubadilisha barua pepe ya zamani. Kijana akaniuliza kama kuna biashara. Nikasema ndiyo, mamangu anadarizi kofia.

"Basi alikuwekea alama hapa," akasema, kidole kwenye skrini. "Alikusajili VAT. Anayefaa kusajiliwa VAT ni mwenye mauzo ya milioni 5 kwa mwaka. Ukishasajiliwa, kila mwezi, kufikia tarehe 20, lazima upeleke ritani hata kama hukuuza kitu. Usipopeleka, 10,000. Hesabu: Agosti hadi Septemba, miezi 14."

"Na zile 7,500?"

"Hizo ni zako kweli. Lakini mfumo ukiona unadaiwa upande mmoja, haukulipi upande mwingine."

Nilihisi miguu imeniishia. Haikuwa shida ya pesa tu. Wiki tatu nilikuwa nikijiuliza nilifanya kosa gani, nikipekua kumbukumbu zangu kama mwizi, na kosa lenyewe lilikuwa alama moja katika kisanduku, iliyowekwa kwa sababu nilitaja kofia za mamangu. Na barua yenye maneno mengi vile haikupata nafasi ya kuniambia: umesajiliwa VAT, kama si mfanyabiashara, njoo tukuondoe. Sentensi moja tu ingetosha. Ningelala.

Mama yule alinijazisha fomu ya kuondolewa kwenye VAT na ombi la kusamehewa faini, akaambatisha barua yangu ya Kiswahili juu. Nikamuuliza kama naweza kumwambia mamangu kuwa hatudaiwi.

"Mwambie limeombewa kufutwa," akasema. "Mimi siwezi kusema zaidi ya hapo." Kisha, kwa sauti ya chini, "Lakini asiuze kitu."

Sikuwa nimemtajia bangili. Nadhani nilikuwa si wa kwanza kusimama pale.

Nilirudi Amu kesho yake. Mama alisikiliza yote, akaniuliza tena swali lake la kwanza, na safari hii nikamjibu: "Twawia, mama. Elfu saba na mia tano." Akaandika upande wa tunaowawia, chini ya mtu wa Matondoni aliyekuwa amebakisha shilingi mia nne. Lakini ile 140,000 hakuifuta. Nilimwomba. Akakataa.

Machi 2020 nilipata taarifa kuwa faini zimeondolewa. Nilikimbia nayo kutoka Mkunguni hadi nyumbani. Akanisikiliza, akashukuru Mungu, na bado hakuifuta. "Mwenye kuniambia hanidai na chako amekishika," akasema, "hajamaliza kunena nami." Kisha ikaja korona, ofisi zikafungwa, simu zangu hazikupokewa, na mambo yakawa mengi kwa kila mtu. Sikuacha kuandika. Kila mwezi barua moja, kwa Kiswahili, aya mbili.

Februari 2021, saa tano za asubuhi, ujumbe wa benki: 7,500. Bila ziada, bila neno. Mama alikuwa amekaa palepale penye mwanga, na kofia nyingine mapajani. Nikamsomea. Akaniomba nisome tena namba. Akalivuta daftari, akatafuta ukurasa, akapiga mstari kwa kalamu upande huu, kisha upande ule, akapuliza wino ukauke.

"Ndoo hapa," akasema, "nishikia uzi."