Siku moja na MAGAZIJUTO

Saa 12:10 asubuhi niko kituoni Mkuyuni, hapa Mwanza. Daladala imejaa mpaka mlangoni, konda anasema "songeni nyuma, nafasi ipo", nafasi anayoiona yeye peke yake. Nafika shuleni Kirumba mguu mmoja umekufa ganzi.

Saa 1:15, mstarini. Wiki hii ni giza la mwezi, wavuvi wa dagaa wanakesha ziwani na taa zao, na baadhi ya watoto wangu wa darasa la sita wamepitia mwaloni, wanakoshushia samaki, kusaidia kuanika kabla ya kuja. Huhitaji kuuliza ni akina nani, harufu inawatangulia.

Saa 2:00, Hisabati. Naandika ubaoni:

3 × (9 − 4) + 20 ÷ 5 − 6 + 2

Darasa zima linaimba MAGAZIJUTO: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa! Wimbo huo nimewafundisha mimi, na bango lake la manila nimelibandika mwenyewe juu ya dirisha. Hatua za mwanzo zinakwenda vizuri. Mabano: 9 − 4 = 5. Gawanya: 20 ÷ 5 = 4. Zidisha: 3 × 5 = 15. Imebaki 15 + 4 − 6 + 2.

Napita kati ya madawati na kalamu nyekundu. 11. Dawati la pili, 11. La tatu, 11 tena. Nikajua wameangaliziana. Nikamsimamisha mmoja, kijana mkimya wa nyuma, anieleze njia.

"Mwalimu, JU inatangulia TO. 15 na 4 ni 19. 6 na 2 ni 8. 19 toa 8 ni 11."

Nikabaki na chaki mkononi. Mtoto hajakosea wimbo hata silabi moja. Mwenye kosa ni wimbo, na aliyeuleta ni mimi.

Nikamuuliza: mama yako ana sado 19 za dagaa, akauza 6, kisha akaletewa 2. Anazo ngapi? "15," akajibu kabla sijafunga mdomo. Sasa zile 2 umezitoa au umeziongeza? Akacheka, akafuta daftari kwa kidole chenye mate.

Tukarudi ubaoni. Ile 2 ina alama ya kujumlisha mbele yake, kwa hiyo haiwezi kuungana na 6 inayotolewa. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja: unaanza kushoto kwenda kulia, unachokutana nacho kwanza ndicho unachofanya. 15 + 4 = 19, 19 − 6 = 13, 13 + 2 = 15. Kugawanya na kuzidisha ni vivyo hivyo, ila hapo kutanguliza GA hakuleti madhara: 12 ÷ 3 × 2 ni 8, na 2 × 12 ÷ 3 ni 8 pia, hata ukianza na kugawanya. Ndiyo maana sikushtuka miaka yote.

Saa 4:30, uji. Mwenzangu ananiambia nisijisumbue, maswali mengi ya mtihani wa darasa la saba si ya kuchagua herufi? Ndiyo, na ile 11 itakuwa imekaa pale kwenye herufi B inawasubiri. Mtunga maswali anayajua makosa yetu kuliko sisi.

Mchana vipindi viwili vya sehemu, kutafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika), joto, usingizi. Sina la kusimulia.

Saa 11:00 jioni napitia mwaloni kununua sato wawili. Muuzaji ananirudishia chenji bila hata kutazama noti.

Saa 2:00 usiku nasahihisha madaftari 86. Waliopata 15 ni 61. Baadhi yao wameandika 15 tupu bila njia. Hao nawajua, nimewawekea alama ya kuuliza. Yule kijana wa nyuma ameonesha kila hatua, na chini yake amechora sado.

Nimechukua manila mpya. GA na ZI nimeziweka mstari mmoja, JU na TO mstari mmoja, na chini yake mshale mrefu unaoelekea kulia. Wino wa kalamu mzito umeniishia katikati ya mshale.