Siku moja maishani mwangu: muuza vitabu vya mitumba, Wrocław

Saa kumi na mbili asubuhi. Novemba hapa magharibi mwa Poland saa hiyo bado ni usiku kabisa. Chai ya tangawizi, koti juu ya koti, mbio hadi kituo cha tramu. Nikipata kiti nasoma. Wiki hii nimerudia riwaya za upelelezi za Marek Krajewski, kwa sababu dukani watu wanaziulizia kila mara na muuzaji asiyejua anachouza ni hasara.

Saa tatu nafungua. Bosi, mzee mpole anayevuta miguu, keshawasha hita.

Saa nne yanaletwa maboksi kutoka nyumba ya marehemu. Kazi yangu ni kupangusa vumbi, kukagua kurasa zisije zikawa na ukungu, kisha kuandika bei kwa penseli laini kwenye kona ya ukurasa wa kwanza. Kalamu ya wino ni mwiko. Katikati ya vitabu vya mapishi naibua *Śmierć w Breslau*, yaani "Kifo Breslau", chapa ya 1999. Hiki hakikai rafu ya mlangoni! Ndicho kilichomtoa Krajewski. Alizaliwa papa hapa mwaka 1966, akawa mwalimu wa Kilatini chuo kikuu, halafu akaandika kisa cha binti wa baroni aliyeuawa ndani ya behewa la treni mwaka 1933, na maiti yake ikakutwa na nge. Wakati huo mji ulikuwa wa Wajerumani na uliitwa Breslau. Mpelelezi wake, Eberhard Mock, ni mlevi, mlafi, na Kilatini anakimwaga kama maji. Mwaka 2007 Krajewski aliacha kufundisha, akawa anaishi kwa kalamu.

Saa saba nampigia mama, Tanga. "Shikamoo mama." "Marahaba. Bado unauza hivyo vitabu vya wauaji?" Bado, mama.

Saa nane anaingia mzee wa Kijerumani, kofia mkononi. Mama yake alizaliwa Breslau, mtaa wa Gartenstrasse, naye hauoni kwenye simu. Hautaonekana: baada ya vita, mwaka 1945, mji ulikabidhiwa Poland, Wajerumani wakaondolewa, wakaja Wapoland, baadhi yao wakiwa wamehamishwa kutoka mashariki, na mitaa ikapewa majina mapya. Nilidhani bosi atatoa ramani. Akachomoa riwaya ya Mock, akafungua kurasa za mwisho, penye orodha ya mitaa: jina la Kijerumani, kando yake la Kipoland. Kidole kikashuka taratibu mpaka kwenye Gartenstrasse. Leo ni Piłsudskiego, mtaa unaopita mbele ya stesheni kuu. Mzee alikuwa ameuvuka asubuhi ileile akiburuta sanduku lake. Alicheka mpaka akatoa leso, akanunua kitabu ingawa Kipoland hajui hata neno.

Kwangu mimi hapo ndipo ilipo kazi ya Krajewski, kuliko kwenye damu. Mtoto wa Tanga amekulia kati ya majengo ya Wajerumani, anapita kando yake akienda shule, wala hajiulizi nani alilala humo. Wapoland nao walikaa miaka mingi bila kutaka kusikia habari za wenye nyumba wa zamani. Ikabidi aje polisi mmoja wa kubuni, mwenye tabia mbovu, ndipo vijana wakaanza kutafuta maandishi ya Kijerumani chini ya rangi iliyobanduka.

Tabia yenyewe lakini! Mock anavyowatendea wanawake, kuna kurasa nazifunga kwa hasira. Namwambia bosi huyu mtu angetakiwa kukaa rumande. Yeye anasema ndiyo maana anauzika. Hatujawahi kukubaliana.

Saa kumi na nusu giza limeshaingia. Wateja wachache, wanafunzi wanaotafuta kamusi za bei poa.

Saa kumi na mbili tunafunga. Tramu inapita Podwale, penye jengo kubwa la polisi lililojengwa enzi za Wajerumani. Hadi leo polisi wamo. Pembeni yangu kijana anasoma *Mock. Ludzkie zoo* ya 2017. Jina lake maana yake ni bustani ya wanyama, ila waliomo ni watu. Na kweli Wajerumani waliwahi kuwaonyesha Waafrika kwa tiketi katika bustani zao za wanyama. Hicho sijakigusa bado. Kesho nitamwomba bosi aniuzie nakala yetu kwa bei ya wafanyakazi.