Watoto wa Kukaa Mbele

Juzi usiku umeme uliporudi nilikuwa napiga pasi sare ya binti yangu. Akaja akasimama mlangoni, mswaki mdomoni. "Mama, hiyo ya kesho ipige vizuri. Kuna wageni. Mwalimu ametuchagua kumi tukae mbele."

Nikamuuliza wenzake watakuwa wapi.

"Bustanini," akasema, kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi, akaenda kutema povu.

Harufu ile ya kitambaa chenye maji kikiguswa na pasi! Nikajikuta mwaka 2014, ile shule ya njia ya Pangani, na kadi zangu za silabi. Nilizikata mwenyewe kwa maboksi ya biskuti mpaka kidole kikaota sugu, kwa ajili ya utafiti wangu wa chuo. Wiki sita mkondo mmoja ungesoma kwa kadi, mwingine ungeendelea na ubao kama kawaida, halafu ningewapima wote kwa kuwasomesha sentensi. Siku ya kwanza nilifika na kopo la maziwa lenye vikaratasi 112, kila jina la darasa la tatu na namba yake. Nilikuwa nimejifunza hivyo chuoni: sampuli, yaani watoto wa kupimwa, huichagui wewe, huichagua bahati.

Kopo sikulifungua. Mwalimu mkuu alikuwa amenisubiri na orodha, imeandikwa kwa mwandiko mzuri na kupigiwa mstari kwa rula. "Binti yangu, hawa thelathini wanashika haraka. Hao wengine watakuchelewesha bure." Simlaumu sana. Ulikuwa wakati wa Matokeo Makubwa Sasa, ule mpango wa serikali, shule zinapangwa nani wa kwanza nani wa mwisho, na mtu yeyote aliyeshuka kwenye daladala na kalamu mfukoni alionekana mkaguzi. Nikasema ahsante, shikamoo. Nauli nayo ilikuwa inaisha.

Wiki sita zikapita. Ikaja siku ya kupima.

Niliketi kwenye dawati dogo kona ya darasa, kadi yenye sentensi mkononi: *Kuku wa babu amekula karanga.* Watoto walipanga foleni mpaka mlangoni, nywele zinang'aa mafuta ya nazi. Mmoja anasoma, naandika alama, anayefuata. Sauti zao zilikuwa nzuri mno, na nakiri nilishaanza kuiona joho.

Nje ya dirisha walikuwapo wale wasiokuwa kwenye orodha, wanamwagilia miche ya miembe. Kijana mmoja alikuwa ametua ndoo chini, kidevu juu ya nondo za dirisha, anatazama. Kila mtoto akikwama, midomo yake inacheza. Mtoto wa kumi na tisa, au wa ishirini, alipokwama kwenye "amekula", yule wa dirishani akamalizia kwa sauti: "amekula karanga!" Darasa zima likacheka.

Nikamwita. Akaingia na miguu yake ya matope, akaniamkia, nikampa kadi. Akaishika kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akasoma sentensi yote bila kusita, kwa lafudhi nzuri kuliko ya wale thelathini.

Kadi alikuwa ameigeuza juu chini.

Sikucheka. Nilitazama foleni. Wote waliobaki walikuwa wameshaisikia sentensi ile mara ishirini, tena mimi mwenyewe nikiwasahihisha wenzao kwa sauti. Sasa nilikuwa napima nini? Kusoma, au masikio? Sikuwa na kadi nyingine. Nikamwambia kijana ahsante, akarudi kwenye ndoo yake, nami nikasema: anayefuata.

Kwenye ripoti niliandika "wanafunzi waliteuliwa kwa njia ya nasibu", yaani kwa bahati, kana kwamba kopo lilifunguliwa, msimamizi akaweka vema, nikavaa joho.

Baadaye nikakutana na utafiti wa chati za kufundishia uliofanyika Busia na Teso, Kenya. Ukilinganisha tu shule zenye chati na zisizo nazo, chati zinaonekana kupandisha alama. Watafiti walipochukua shule 178, wakapa nusu yake chati bila kuangalia ipi hodari ipi dhaifu, hakuna kilichopanda. Nadhani shule zilizokuwa na chati tangu mwanzo zilikuwa na mengi zaidi ya chati. Mimi nilikuwa na thelathini walioshika haraka, nikazisifu kadi. Nikaelewa pia kwa nini watu wa Uwezo, wale wapimaji wa kusoma na kuhesabu, walikuwa wanawafuata watoto majumbani kuwapima: nyumbani hakuna wa kukupangia foleni.

Wakati mwingine najiambia kadi zilisaidia kweli. Huenda. Kwa data zile huwezi kusema ndiyo wala hapana, nami ndiye niliyezikusanya.

Cheti kipo ukutani juu ya runinga. Yule kijana sikumwandikia alama yoyote. Ningeiandika wapi, hakuwa kwenye orodha.

Binti yangu akarudi kuchungulia. "Mama, kola bado."

Nikaigeuza upande wa pili.