Doa kwenye ini: ninavyotafuta minyoo kabla ya kuandika saratani

Mgonjwa akifika kwetu Iringa na karatasi ya altrasaundi iliyoandikwa "madoa kwenye ini, inashukiwa saratani", mimi huanza na hesabu ya yosinofili (chembe nyeupe za damu ambazo huongezeka mtu akiwa na minyoo) kwenye picha kamili ya damu. Zikizidi 500 kwa mikrolita namuuliza: unalima vinyungu, yaani bustani za bondeni? Unakula mbichi majani yanayoota majini, au kunywa maji ya bondeni bila kuchemsha? Ng'ombe na konokono wanatumia bonde hilo hilo, na mabuu ya minyoo bapa ya ini, Fasciola, hujifungia kwenye majani yake.

Kwenye choo kikubwa ndiko tunakokosea sana. Minyoo michanga hutangatanga ndani ya ini miezi 3 hadi 4 kabla ya kutaga, na ndipo homa na maumivu ya ubavu wa kulia huwa makali. Jibu la "hakuna mayai" wakati huo halimwondolei mtu ugonjwa. Hata baadaye mayai ni machache, tena mazito: hayaelei kwenye maji ya chumvi, na sampuli ya Kato-Katz (kipimo cha kawaida cha kuhesabu mayai kwenye choo), miligramu 41.7 tu, huyakosa kirahisi. Mimi nakoroga gramu 5 za choo katika mililita 200 za maji, nachuja kwa shashi, naacha itulie dakika 5 hadi 10, namwaga maji ya juu taratibu, na kurudia mpaka yawe maangavu. Tone la methilini ya bluu hupaka uchafu rangi, mayai yakabaki na umanjano wake. Ni makubwa, mikromita 130 au zaidi kwa urefu, yana kifuniko upande mmoja. Nafanya hivyo kwa sampuli za siku 3 tofauti.

Yakionekana, bado kuna mtego. Aliyekula maini ya ng'ombe mwenye minyoo hutoa mayai yaliyopita tumboni tu. Namwambia aache maini wiki nzima, kisha narudia kipimo.

CT skani husaidia: vidoa vilivyosongamana karibu na ganda la ini, kama vijia vinavyopinda, na baada ya wiki kadhaa vinaweza kuonekana pengine. Dawa ni triklabendazoli, miligramu 10 kwa kilo, pamoja na chakula. Prazikwanteli tuliyoizoea kwa kichocho haiitibu Fasciola.

Jipu la amiba kwa kawaida halipandishi yosinofili. Lakini uvimbe wa maji wenye vifuko ndani yake, unaoletwa na tegu wa mbwa, hasa kwa mfugaji anayeishi na mbwa, tafadhali usiuchome sindano kienyeji: maji yake yakimwagika huweza kuleta mshtuko wa mzio na kusambaza vifuko tumboni.

Homa ya ini B na AFP (protini ya damu ambayo mara nyingi hupanda kwenye saratani ya ini) navipima siku hiyo hiyo. Yosinofili nyingi hazizuii saratani kuwepo, na AFP ya kawaida haiiondoi. Miezi 3 baada ya dawa narudia altrasaundi. Madoa hukawia kufutika, ila yosinofili zikishuka huku doa likikua, anapewa rufaa akatolewe kipande cha ini.